Njaa, Ukimya na Muuaji wa Rostov: Utoto wa Mhalifu Unaeleza Nini?

Utangulizi

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii hutumiwa kumwonya mzazi, lakini mara nyingi tunaigeuza kuwa nadharia ya historia. Tukikutana na mtu aliyetenda uovu mkubwa, tunarudi nyuma hadi utotoni mwake, tunatafuta njaa, kipigo au msiba, na tukishaupata tunaona kazi yetu imekwisha. Katika insha hii ninakusudia kuipima nadharia hiyo kwa kesi moja: ile ya Andrei Chikatilo, aliyeua wanawake na watoto, hasa katika mkoa wa Rostov kusini mwa Urusi, kati ya mwaka 1978 na 1990, pamoja na wapelelezi waliomsaka.

Hoja yangu ni kwamba utoto wa Chikatilo ulikuwa mgumu kweli, na kuuelewa kulisaidia kumfanya akiri. Hata hivyo, utoto huo hautoshi kueleza kwa nini aliua. Wala hauelezi hata kidogo kwa nini aliweza kuendelea kuua kwa miaka 12. Jibu la swali hilo la pili haliko nyumbani kwa mama yake. Liko katika ofisi za dola iliyozoea kuficha maiti. Nitaanza na utoto wenyewe, kisha nitaeleza makosa ya uchunguzi, namna alivyopatikana, na mwisho nitarudi kwenye swali la chanzo.

Utoto katika kijiji chenye njaa

Chikatilo alizaliwa tarehe 16 Oktoba 1936 katika kijiji cha Yabluchne, Ukraine, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Umoja wa Kisovieti. Miaka mitatu kabla ya hapo, Ukraine ilikuwa imepitia njaa ya 1932 na 1933. Njaa hiyo haikuletwa na ukame peke yake. Serikali ya Stalin iliwalazimisha wakulima kuingia katika mashamba ya ushirika, ikawachukulia nafaka, na mwezi Januari 1933 ikawazuia wasitoke Ukraine kwenda kutafuta chakula kwingine. Mamilioni walikufa. Kumbukumbu za polisi wa wakati huo zinathibitisha kwamba katika vijiji vingine watu walifikia hatua ya kula nyama ya watu.

Katika mazingira hayo ndipo inapotoka habari inayotajwa karibu katika kila andiko kuhusu Chikatilo. Mama yake alimsimulia kwamba alikuwa na kaka, jina lake Stepan, ambaye kabla Andrei hajazaliwa alitekwa na majirani wenye njaa, akauawa na kuliwa. Mtoto alikua akiisikia habari hiyo.

Kisha ikaja vita. Baba yake alipelekwa jeshini na kutekwa na Wajerumani. Aliporudi hakupokewa kama shujaa, kwa kuwa dola ya Stalin ilimtazama askari aliyetekwa kama msaliti, na aibu hiyo ikawaangukia watoto wake. Mwaka 1946 na 1947 njaa ilirudi, na safari hii Andrei aliishi ndani yake. Shuleni alikuwa mpole na mwenye woga, na wenzake walimdhihaki. Alipokuwa kijana aligundua kwamba ana udhaifu wa kijinsia, akajiona ameumbwa na kasoro.

Mtu akisoma orodha hii haraka atasema: huyo hapo muuaji, amekwisha kutengenezwa. Lakini mwanahistoria hana budi kuuliza kwanza habari hizi zimemfikia kwa njia gani. Sisi tunaosoma historia katika nchi hizi tumefundishwa kuyapima masimulizi ya mdomo. Jan Vansina, aliyekusanya masimulizi katika Kongo, Rwanda na Burundi, alisisitiza kwamba simulizi ni ushahidi, lakini sharti tujue nani alimwambia nani, lini, na kwa sababu gani. Tukitumia kipimo hicho, habari ya Stepan inasimama juu ya mguu mmoja. Andrei hakuiona, bali aliambiwa na mama yake, na haijathibitishwa na hati yoyote ya kuzaliwa wala ya kifo. Isitoshe, alikuja kuisimulia kwa kirefu baada ya kukamatwa, wakati ambapo kila jambo la kumwonea huruma lilikuwa na faida kwake.

Sisemi kwamba habari hiyo ni ya uongo. Katika Ukraine ya mwaka 1933 jambo kama hilo liliwezekana kabisa, na mama anaweza kumwambia mtoto wake habari ya kutisha kwa sababu moja tu, kwamba ndiyo iliyompata. Ninachosema ni kwamba tukiifanya kuwa chanzo cha mauaji yote, tunajenga nyumba nzima juu ya neno ambalo mshtakiwa mwenyewe ndiye aliyelileta mezani.

Miaka ya makosa

Kwa nje Chikatilo aliishi maisha ya kawaida. Alioa mwaka 1963, akapata watoto wawili, akasoma kwa njia ya posta hadi akahitimu fasihi ya Kirusi, akawa mwalimu na mwanachama wa Chama cha Kikomunisti. Akiwa mwalimu alilalamikiwa kwa kuwashika wanafunzi kwa namna ya aibu. Hakushtakiwa. Aliruhusiwa kuondoka kimya kimya na kupata kazi katika shule nyingine. Huo ndio ukimya wa kwanza uliomlinda, na haukuhusiana na njaa wala vita. Ulihusiana na wakuu waliojali sifa ya shule kuliko usalama wa watoto.

Tarehe 22 Desemba 1978, katika mji wa Shakhty, alimuua msichana wa miaka 9. Polisi walipata dalili zilizomwelekea yeye: damu karibu na kibanda alichokuwa amekinunua kwa siri, na shahidi aliyemweleza mtu anayefanana naye. Alihojiwa, mkewe akasema alikuwa nyumbani, na polisi wakaachana naye. Macho yao yalikuwa kwa mtu mwingine, Aleksandr Kravchenko, aliyewahi kufungwa kwa kosa la kubaka na kuua. Kravchenko naye alikuwa na mashahidi wa kusema alikuwa nyumbani, lakini mashahidi hao walitishwa hadi wakabadili maneno, na yeye akashurutishwa kukiri. Mwaka 1983 alipigwa risasi kwa hukumu ya mahakama. Baadaye hukumu hiyo ilifutwa, lakini Kravchenko alikuwa amekwisha kuzikwa.

Naomba msomaji asipite hapa haraka. Mtu aliyekufa kwa kosa la Chikatilo hakuuawa na Chikatilo. Aliuawa na utaratibu wa kutafuta mtu wa kufunga jalada. Utaratibu huohuo uliendelea maiti zilipoanza kuonekana kwa wingi katika misitu myembamba iliyopandwa kando ya reli na mashamba. Mwaka 1983 vijana wenye ulemavu wa akili walikamatwa na kuhojiwa hadi wakakiri mauaji, na wakiwa bado mahabusu maiti mpya zikapatikana. Baadaye wanaume waliotuhumiwa kushiriki mapenzi ya jinsia moja, jambo lililokuwa kosa la jinai katika sheria ya Kisovieti, waliandamwa kwa vitisho, na baadhi yao wakajiua. Kila mara dola ilimtafuta muuaji miongoni mwa watu iliokwisha kuwadharau. Haikumtafuta kwa mume, baba, mwalimu na mwanachama wa Chama.

Septemba 1984 nafasi ya kumaliza jambo hili ilipatikana. Askari aliyekuwa akimfuatilia Chikatilo katika stendi ya mabasi mjini Rostov alimwona akiwasogelea wanawake na wasichana mmoja baada ya mwingine. Alipokamatwa, mkoba wake ulikuwa na kisu na kamba. Lakini kipimo cha damu yake kilionyesha kundi A, na manii yaliyopatikana kwa waliouawa yalikuwa yamepimwa kuwa ya kundi AB. Wapelelezi waliamini karatasi ya maabara kuliko mkoba. Alifungwa miezi mitatu kwa kosa la wizi kazini, akatoka mwezi Desemba, na mwaka uliofuata akaua tena.

Mpelelezi na daktari

Mtu aliyebeba kesi hii kwa muda mrefu zaidi ni Viktor Burakov, mtaalamu wa uchunguzi wa kisayansi katika polisi ya Rostov. Tangu 1983 alikuwa na maiti, michoro ya mahali zilipopatikana na wakubwa wenye haraka. Kilichokosekana ni ruhusa ya kulitaja jambo kwa jina lake. Itikadi ilisema muuaji wa mfululizo ni zao la ubepari, kwa hiyo hawezi kuota katika jamii ya kijamaa. Magazeti hayakuandika, na wazazi hawakuonywa.

Burakov alifanya jambo lisilo la kawaida katika polisi ya Kisovieti wakati huo: alimwendea daktari wa magonjwa ya akili, Aleksandr Bukhanovsky, akampa taarifa za mauaji na kumwomba aeleze muuaji ni mtu wa namna gani. Bukhanovsky aliandika kurasa 65. Alisema muuaji ni mtu wa umri wa kati ya miaka 45 na 50, aliyepitia utoto wenye maumivu na upweke, mwenye udhaifu wa kijinsia, ambaye huenda ameoa, na ambaye hupata raha kwa kuona mateso ya mtu mwingine.

Hapa ndipo utoto unapoingia katika uchunguzi kwa njia ya manufaa. Bukhanovsky hakusema kwamba kila mtoto aliyeumia atakuwa muuaji. Alikwenda kinyumenyume: kutoka kwenye namna ya mauaji hadi kwenye mtu, na kutoka kwa mtu hadi kwenye yaliyompata. Tofauti hiyo ni kubwa. Nikiona moshi naweza kusema kuna moto, lakini siwezi kusema kila penye kuni pataungua. Hata hivyo, kurasa 65 hazikumtaja mtu kwa jina, na kwa miaka mingi ziliendelea kusubiri mtu wa kusomewa.

Mtoto mwingine wa Stalin

Mwishoni mwa 1985 ofisi ya mwendesha mashtaka mkuu ilimtuma Issa Kostoyev kuusimamia uchunguzi. Wasifu wake ni muhimu kwa hoja yangu. Kostoyev alikuwa Mwingushi, aliyezaliwa 1942 katika Kaukazi. Tarehe 23 Februari 1944, akiwa hajatimiza miaka miwili, jeshi la Stalin lilianza kuwahamisha kwa nguvu Waingushi na Wachecheni wote, likawapakia katika mabehewa ya mizigo na kuwapeleka Asia ya Kati. Kosa walilosingiziwa lilikuwa usaliti, lilelile alilosingiziwa baba yake Chikatilo. Watu wengi, hasa watoto na wazee, walikufa njiani na katika miaka ya kwanza ya baridi na njaa. Kostoyev alikulia uhamishoni Kazakhstan.

Kwa hiyo tuna watoto wawili. Wote walizaliwa chini ya dola moja, wote walikulia katika njaa, na familia zao zilibandikwa jina la usaliti. Mmoja alikuja kuwa muuaji. Mwingine akawa mtu wa sheria aliyemsaka. Sidai kwamba maisha yao yalilingana katika kila jambo. Lakini mfano huu unatosha kuonyesha kwamba kati ya jeraha la utotoni na kisu mkononi kuna mahali pa uchaguzi, na mahali hapo hapajazwi na neno "kiwewe". Tukiongeza mamilioni ya watoto wa Ukraine waliozika ndugu zao na kisha wakawa wakulima, wauguzi na walimu wasiomgusa mtu, nadharia ya methali yetu inapungukiwa nguvu kabisa.

Mtego wa reli

Mwezi Oktoba 1990 wapelelezi walitega mtego. Waliona kwamba wengi waliouawa walichukuliwa kwenye treni na stesheni. Basi waliweka askari wenye sare katika stesheni kubwa ili muuaji awaone na kuziepuka, na katika stesheni ndogo zilizo karibu na misitu waliweka askari waliovaa kiraia. Watu 360 walishiriki.

Tarehe 6 Novemba mwanamume mmoja alitokea msituni karibu na stesheni ndogo ya Donleskhoz, akanawa kisimani. Nguo zake zilikuwa na nyasi na udongo, na shavuni palikuwa na doa jekundu. Askari alimwomba vitambulisho, akaandika jina lake na kumwacha aende zake. Siku saba baadaye maiti ya mwanamke ilipatikana karibu na hapo. Wapelelezi walipozipitia taarifa za siku zile, walikutana na jina walilolijua tangu 1984. Baada ya kumfuatilia kwa siku kadhaa, walimkamata Chikatilo tarehe 20 Novemba 1990.

Sheria iliruhusu kumshikilia kwa siku 10 bila kumfungulia mashtaka, na ushahidi wa moja kwa moja ulikuwa mdogo. Kostoyev alimhoji siku baada ya siku bila kupata ungamo kamili. Tarehe 29 Novemba akaitwa Bukhanovsky. Daktari hakumtisha. Alikaa naye na kumsomea sehemu za zile kurasa 65. Chikatilo alisikiliza akielezwa upweke wake, aibu yake na udhaifu wake, akaanza kulia, na katika muda wa saa mbili hivi akakubali. Siku zilizofuata aliwaongoza polisi hadi mahali ambako maiti zilikuwa hazijagunduliwa. Polisi walikuwa na orodha ya mauaji 36. Yeye alikiri 56, likiwemo lile la 1978 ambalo Kravchenko alikuwa amekwisha kupigwa risasi kwa ajili yake.

Tuangalie vizuri kilichotokea chumbani mle. Kravchenko alikiri kwa sababu aliteswa, na ungamo lake likaleta kifo cha asiyehusika. Chikatilo alikiri kwa sababu alieleweka, na ungamo lake likathibitishwa na maiti zilizofukuliwa. Kumwelewa mtu hakukuwa udhaifu wa uchunguzi. Njia hiyo ilifanya kazi ambayo miaka ya vipigo na vitisho haikuweza kuifanya.

Kuelewa si kusamehe

Je, kumwelewa huko kulimwondolea hatia? Mahakama ilisema hapana. Kabla ya kesi alichunguzwa katika Taasisi ya Serbsky mjini Moscow, na madaktari wakaamua kwamba ana kasoro ya nafsi lakini alijua anachokifanya na aliweza kujizuia. Matendo yake yenyewe yanaunga mkono uamuzi huo. Alichagua stesheni zisizo na askari, alitembea na kisu, na askari alipomwomba vitambulisho alitulia.

Kesi ilianza Aprili 1992 mjini Rostov, mshtakiwa akiwa ndani ya kizimba cha chuma kilichowekwa kumkinga na jamaa za waliouawa. Alishtakiwa kwa mauaji 53 na Oktoba mwaka huo akapatikana na hatia ya mauaji 52. Rais Boris Yeltsin alikataa kumsamehe, na tarehe 14 Februari 1994 alipigwa risasi.

Hitimisho

Sasa nirudi kwenye swali langu. Sioni sababu ya kuitupa habari ya njaa katika historia hii, ila naamini tumeiweka mahali pasipo pake. Wengi wanaiona njaa ya Ukraine kuwa ndiyo iliyomzaa muuaji. Mimi naona inatufundisha zaidi kuhusu waliomsaka. Dola iliyosababisha njaa hiyo iliificha. Sensa ya 1937 ilipoonyesha kwamba watu wamepungua kuliko ilivyotarajiwa, matokeo yake yalifutwa na waliosimamia wakakamatwa. Viongozi wa Ukraine ya Kisovieti hawakuikiri njaa hiyo hadharani hadi Desemba 1987. Kwa zaidi ya miaka 50 mama wa Ukraine aliweza kuusema msiba wake nyumbani tu, kwa sauti ya chini, na mtoto wake.

Dola hiyohiyo, kwa tabia hiyohiyo, ilinyamaza maiti zilipoonekana kando ya reli ya Rostov. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini katika kesi hii waliolia hawakuwa wale walioficha. Mtoto aliyefuatana na mzee mpole aliyemwahidi peremende hakujua kwamba watoto wengine walikuwa wamekwisha kufuata njia hiyo. Mama yake hakujua pia, kwa sababu waliojua waliona kwamba kusema kungeiaibisha nchi.

Kwa hiyo napendekeza kwamba tunapoandika historia ya mhalifu wa namna hii, tuulize maswali mawili badala ya moja. La kwanza, lililozoeleka, ni nini kilimpata alipokuwa mtoto. La pili ni nani aliyejua na akanyamaza alipokuwa mtu mzima. Swali la kwanza linamhusu mtu mmoja na jibu lake halitakamilika kamwe. La pili linahusu shule, polisi, maabara, magazeti na mahakama, na majibu yake yamo katika majalada. Mkuu wa shule aliyemwacha mwalimu aondoke kimya, mpelelezi aliyewatisha mashahidi wa Kravchenko na mhariri aliyezuiwa kuandika hawakuhitaji utoto wa njaa ili kufanya walichofanya. Walihitaji tu kuamini kwamba jina jema la ofisi lina thamani kuliko uhai wa mtoto wasiyemjua.